Matajiri wa Mwanza na utafiti wa sera: mbona hela yote inatoka ng'ambo?

#1 Mkazi wa Kirumba
Salaam wakuu.

Hapa soko la samaki la Mwaloni hawakauki vijana wa vishikwambi. Wanauliza una mitumbwi mingapi, ushuru unalipa kiasi gani, BMU (kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) unaiamini au huiamini, halmashauri inawasikiliza au imewapa mgongo. Ukiwauliza nani kawatuma, wanataja taasisi ya Dar. Ukifuatilia hiyo taasisi inapata wapi hela, unaishia Washington, London, Stockholm au Seattle.

Mwanza siyo mkoa wa mafukara. Sensa ya 2022 imetuhesabu kama milioni 3.7, wa pili baada ya Dar. Kuna wenye viwanda vya minofu, wenye mabasi, wenye vituo vya mafuta, watu wa dhahabu, watu wa mabondo ya sangara (vile vifuko vya hewa vya tumboni). Harusi wanachangia, kanisa na msikiti wanachangia, mpira wanachangia. Lakini nionyesheni mmoja aliyewahi kusema: hizi hapa milioni mia, chunguzeni ushuru wa samaki unakusanywaje na unaishia wapi, kisha mtangaze mlichokikuta.

Sasa hela ya nje nayo inakata. USAID imefungwa Julai 2025, na wengine wanabana. Kwa nini wa kwetu hawatoi? Majibu ya "sisi Waafrika ndivyo tulivyo" sitaki.

#2 Ngoja Nione
Nimevuta kigoda. Wajuzi waje.

#3 Sato wa Kukaanga
Mbona rahisi. Utafiti hauna utepe. Ukijenga matundu ya vyoo shuleni, mkuu wa wilaya anakuja, unakata utepe, usiku uko kwenye taarifa ya habari na jina lako linaandikwa ukutani. Ripoti ya kurasa themanini utaiandika jina wapi?

#4 Nshomile wa Kashai
Mwangaluka Wasukuma. Sisi Bukoba tungekuwa na hela zenu, leo kila kata ingekuwa na taasisi ya uchumi na maktaba juu. Bahati mbaya Mungu aliwapa nyie ng'ombe na sisi akatupa akili.

Tuje kwenye mada. Hili jambo la nje kulipia utafiti wa uchumi halijaanza jana. Mfuko wa hisani wa Ford wa Marekani ndio waliounda AERC, chombo cha utafiti wa uchumi wa Afrika, pale Nairobi mwaka 1988, na tangu hapo wachumi wengi wa serikali unaowaona wamepikwa humo. Mtu akikulipia masomo, akakulipia utafiti, akakulipia na mkutano wa kuusoma, tajiri wa Kirumba ataingilia wapi? Nafasi ilishajazwa.

#5 Mzee wa Pamba
Vijana mnaongea kama vile historia ilianza na vishikwambi.

Kanda hii ilikuwa inalipia kujua mambo yake. Miaka ya 1950 mwanzoni mkulima wa pamba alikuwa anaibiwa kwenye mizani na wanunuzi. Wakulima wakajichanga, wakaweka wapimaji wao wenyewe pembeni ya mzani wa mnunuzi. Uzito ukaandikwa, wizi ukaonekana, na hapo vyama vya ushirika vikapata nguvu hadi ukaja muungano wao, Victoria Federation, mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Huo kama siyo utafiti wa utawala ni nini? Na aliyelipa ni mkulima, tena kwa shilingi yake mwenyewe.

Upande wa pili Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa Mwanza. Hapo utafiti wa mbegu ulibebwa na Empire Cotton Growing Corporation ya Uingereza, ambayo sehemu ya hela yake ilikuwa makato ya wenye viwanda vya nyuzi kule Lancashire. Walitaka pamba ndefu na nyeupe, wakaipata. Bei ya mkulima haikuwa swali lao, kwa hiyo hakuna aliyelichunguza.

Anayelipa anachagua swali. Nimemaliza kwa leo.

#6 Dada Takwimu
Shikamoo Mzee wa Pamba, umenena.

Nshomile, akili mlizopewa zimeteleza kidogo hapo #4. AERC 1988 ni sahihi, lakini mzizi wake ni IDRC, shirika la Kanada la kufadhili utafiti, pamoja na mfuko wa Rockefeller. Ford alikuwa mchangiaji, siyo muundaji. Na usisahau kuwa mmoja wa waliokiongoza chombo kile ni Mtanzania, marehemu Profesa Benno Ndulu, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi mwanzoni mwa 2018. Kusema tumepikwa tu kana kwamba hatukushika mwiko siyo haki.

Mleta mada naye anachanganya vitu viwili. USAID ilikuwa kodi ya Wamarekani, ikipitia serikalini. Mifuko ya hisani ni kitu kingine: mtu alitajirika, akaweka mtaji pembeni, faida ya ule mtaji inagawiwa. Ford ulianza 1936, Hewlett 1966, Gates 2000. Kodi inakatwa kwa saini ya rais. Mfuko wa hisani haukatwi hivyo, lakini unabadilisha mapenzi. Mwaka huu wanapenda utawala bora, miaka mitano ijayo wanapenda tabianchi.

Nimefanya kazi kwenye taasisi za aina hii, nieleze yanavyokuwa. Kuna fedha za msingi na fedha za mradi. Fedha za msingi unalipa mishahara, pango, umeme, na unaweza kukaa ukafikiri. Fedha za mradi zinakuja na swali lake, ratiba yake na ripoti yake. Kati ya 2008 na 2019 kulikuwa na mpango ulioitwa Think Tank Initiative. IDRC waliusimamia, hela wakatoa Hewlett, Gates, na serikali za Uingereza na Norway. Zaidi ya taasisi 40 duniani zilipata fedha za msingi, kwetu REPOA na ESRF wakiwemo. Ulipoisha 2019, taasisi nyingi duniani zikarudi kuwinda miradi.

Kuwinda miradi ndiko kunakoua maswali. Mahali fulani niliposhika kalamu tuliandika andiko kuhusu biashara ya dagaa kutoka visiwani hadi Kongo: nani anatoza nini njiani, halmashauri ngapi, mizani ngapi. Mfadhili akasema zuri sana, ila mwaka huu tunaangalia vijana na ajira za kidijitali. Tukalifumua. Dagaa wakahamia kwenye kiambatisho namba nne.

#7 Sato wa Kukaanga
Dagaa kwenye kiambatisho 😂😂 Hapo waliuliza hao dagaa wana simu janja?

#8 Konda wa Nyegezi
Mimi hizo taasisi siziamini. Wanasema wamehoji Watanzania, miaka yote niko stendi, watu wanapita maelfu, hajawahi kuja mtu kuniuliza namuonaje diwani wangu.

#9 Mtumishi Mstaafu
Nyote mnazunguka mbuyu. Sababu ni woga. Twaweza, ile asasi ya utafiti, walifungiwa 2018 kwa sababu ya kura ya maoni. Sheria ya takwimu nayo inasema ukitoa namba zako zikapishana na za serikali unakwenda jela. Sasa wewe tajiri una leseni ya kiwanda, una TRA, una NEMC, una OSHA, una mizani ya barabarani. Kila kitu chako kipo mikononi mwa ofisa fulani. Utampa hela mtu aende kumchunguza ofisa huyo? Kwa lipi?

Nimekaa ofisini miaka mingi. Jalada likichelewa hakuna anayekuambia ni kwa sababu ya ile ripoti yako. Linachelewa tu.

#10 Wakili wa Nyakato
Mzee wangu Mstaafu, hoja yako ina uzito ila kumbukumbu tuziweke sawa.

Twaweza hawakufungiwa. Julai 2018 walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi yaliyoonyesha kukubalika kwa Rais kumeshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia barua ya kuhoji kibali cha utafiti, na mkurugenzi wao akashikiliwa pasipoti. Taasisi iliendelea na ipo mpaka leo.

Sheria ya takwimu ni ya 2015. Marekebisho ya Septemba 2018 ndiyo yaliyobana kutangaza namba bila idhini na kupinga za serikali, hata Benki ya Dunia ikalalamika. Juni 2019 yakaja marekebisho mengine yakaondoa hicho kitisho cha jinai. Kwa hiyo leo mtu hafungwi kwa kutangaza utafiti wake alioufanya kwa utaratibu.

Ongezeni kanuni za NGO za 2018: ukipokea zaidi ya milioni 20 unatakiwa kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi. Kwa taasisi ya Dar yenye wakili wake hilo ni karatasi. Kwa kikundi cha watu wanne Igoma ni mlima.

#11 Mtumishi Mstaafu
Wakili, sheria imebadilika, sawa. Umeniambia ilibadilika lini. Hujaniambia woga ulibadilika lini.

#12 Mkazi wa Kirumba
Asanteni. Ila woga haunitoshi kama jibu. Hawa hawa matajiri wakati wa uchaguzi wanatoa mafuta, fulana, magari ya matangazo, hadharani kabisa. Hapo woga unaenda wapi?

#13 Konda wa Nyegezi
Hela ya kampeni inarudi, mkuu. Hela ya ripoti haijui njia ya nyumbani.

#14 Mwalimu wa Malimbe
Nataka kumpinga mleta mada kutoka upande mwingine kabisa. Una hakika unaitaka hela ya hawa matajiri?

Wamarekani walipitia huko. Upo mfano mzuri: Robert Brookings, mfanyabiashara wa St. Louis, mji wa bandari ya mtoni. Mwaka 1916 akawa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya kuchunguza serikali inavyotumia fedha, na kazi yao ilisaidia kupatikana kwa sheria ya bajeti ya Marekani ya 1921. Kabla yake serikali kuu haikuwa na bajeti moja ya pamoja inayotoka kwa Rais. Alikuwa mfanyabiashara na swali lake lilikuwa la hesabu, likafanya kazi.

Sasa upo na mfano mbaya. Aprili 1914, Ludlow, Colorado, wachimba makaa waliogoma waliuawa pamoja na wanawake na watoto. Mgodi ulikuwa wa kampuni iliyomilikiwa na Rockefeller. Mwaka huohuo Rockefeller Foundation, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ikamwajiri Mackenzie King, aliyewahi kuwa waziri wa kazi wa Kanada, kuchunguza uhusiano wa waajiri na wafanyakazi. Mwenye mgodi anafadhili utafiti kuhusu wachimbaji! Tume ya serikali ikamhoji Rockefeller hadharani, na mfuko ule ukajifunza kukaa mbali na masuala ya moto kama hayo kwa miaka mingi.

Haya, tuje hapa. Mwenye kiwanda cha minofu anafadhili utafiti wa bei ya sangara ufukweni. Unadhani utakuta bei ni ndogo mno au ni kubwa mno?

#15 Mzee wa Pamba
Mwalimu, na mfadhili wa mbali naye ana kiwanda chake, tofauti ni kwamba wewe hukioni.

#16 Mwalimu wa Malimbe
Sikatai, mzee. Ila wa mbali hanipangii bei ya samaki kesho asubuhi.

#17 Sangara Kilo Mbili
Mimi ni mmoja wa hao vijana wa vishikwambi mnaowasema. Ngoja niwape ya uwanjani.

Kisiwani ukifika kambini, tajiri wa mitumbwi anakuona wewe ni TRA umevaa fulana ya utafiti. Ukimuuliza ana injini ngapi anataja moja, huku unaziona tatu zimefunikwa turubai. Mvuvi mdogo yeye anadhani umeleta mradi, kwa hiyo shida zinaongezeka kila swali. Na swali la kumwamini kiongozi wa BMU unauliza kiongozi mwenyewe amesimama hatua mbili, ndiye aliyekupokea na ndiye anayejua mtumbwi wa kukurudisha. Unategemea jibu gani?

Kinachoniuma ni kingine. Watu huniuliza, "yale ya mwaka juzi yalisemaje?" Sina jibu, maana hata mimi sijawahi kuletewa ripoti. Inasomwa hotelini Dar, kwa Kiingereza, wanakula chakula cha mchana. Sasa huyo tajiri mnayemlaumu atafadhili kitu ambacho hajawahi kukiona kikimfikia?

Konda #8, Afrobarometer, wale wanaopima maoni ya Waafrika, wakija nchini huhoji watu kama 2,400. Mwanza ni kama asilimia 6 ya nchi, piga hesabu, mkoa mzima unapata watu 140 na kitu. Usikasirike, siyo kwamba wamekuruka.

#18 Konda wa Nyegezi
Watu 140 ni mabasi mawili na nusu. Mkoa mzima! Halafu mimi mwenye mabasi nimerukwa. Sawa.

#19 Dala Kisumu
Habari za ng'ambo ya ziwa ndugu zangu. Huku Kenya tuna KIPPRA, taasisi ya utafiti wa sera, ni ya serikali, ilianzishwa 1997 na ina sheria yake ya 2006. Serikali ndiyo inatia pesa kwa bajeti. Si mufanye hivyo mukawachane na hao matajiri?

#20 Nshomile wa Kashai
Dala, karibu. Na hiyo KIPPRA ishawahi kuiambia serikali yenu kwamba inakosea, ikaambiwa asante?

#21 Dala Kisumu
Inasema kwa lugha ya upole sana 😄 Lakini hata mwanzoni wafadhili wa nje ndio walisaidia kuisimamisha, tusidanganyane.

#22 Sato wa Kukaanga
Dala turudishieni kwanza samaki wetu mnaowapitisha usiku, ndipo tujadili sera.

#23 Dala Kisumu
Samaki haina pasipoti bwana.

#24 Mzee wa Pamba
Narudi kwa Mwalimu #14, kuna mfano wa hapa hapa hamuugusi. Gatsby, mfuko wa hisani wa David Sainsbury wa Uingereza, wa ile familia yenye maduka makubwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 walishirikiana na Bodi ya Pamba kwenye kilimo cha mkataba: mwenye jineri (kiwanda cha kuchambua pamba) anakukopesha mbegu na dawa, ukivuna unamuuzia yeye. Hapo utafiti haukuishia kwenye karatasi, uliingia mpaka kwenye utaratibu wa kununua pamba Kanda ya Ziwa.

Kwetu Kwimba ilikwendaje? Mwaka wa kwanza watu walifurahi. Bei ilipoyumba, mkulima akachukua dawa kwa huyu akauza kwa yule, mwenye jineri akasema hakopeshi tena, na siasa ikaingia katikati. Wapo wanaosema wazo lilikuwa sahihi, wakulima ndio walikosa subira. Mimi nasema swali liliulizwa na mtu aliyeanza na jineri, likawafikia wakulima mwishoni.

#25 Dada Takwimu
Mzee, hapo sikubaliani. Ule ni mfano wa mfadhili aliyekaa miaka mingi kwenye zao moja badala ya kukimbia baada ya miezi 18. Mbegu iliyoondolewa manyoya ilisukumwa na watu hao hao. Ungekuwa mradi wa kawaida tungeishia na warsha na mkoba wenye nembo.

#26 Mzee wa Pamba
Mbegu nakubali. Mkataba sikubali.

#27 Mkazi wa Kirumba
Wakili, upande wa kodi je? Tajiri akitoa, serikali inamrudishia chochote?

#28 Wakili wa Nyakato
Ipo, kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Akichangia taasisi ya hisani inayotambuliwa na TRA, mchango unaweza kuondolewa kwenye mapato kabla ya kodi, ila usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Taasisi ya utafiti wa sera lazima kwanza ipate huo utambuzi wa hisani, na hapo ndipo ofisa anakuuliza: hisani yenu ni ipi, mnalisha yatima?

#29 Mhasibu wa Pasiansi
Nicheke kwanza. Ili ufaidi hiyo asilimia 2 lazima uwe umeonyesha faida halisi. Nawafungia watu vitabu hapa mjini, nawajua. Mtu ambaye kwenye hesabu zake kila mwaka "amepata hasara" atakatwa asilimia 2 ya nini?

Wa migodini wao marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanawataka waandae mpango wa kurudisha kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri inachagua madarasa, zahanati, barabara. Diwani gani atainua mkono kusema tuchukue fungu hili tujichunguze?

#30 Mama Mabondo
Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa niseme. Mimi ndiye huyo tajiri mnayemsema, ingawa utajiri wenyewe ni wa kuungaunga.

Mosi, hakuna mtu aliyewahi kuniomba. Kanisani wananiomba, msibani wananiomba, mwenyekiti wa mtaa ananiomba. Mtafiti hajawahi kuja na kusema mama, tuna swali hili, linagharimu kiasi hiki, matokeo tunakuletea tarehe fulani. Anakuja kunihoji bure na kunipotezea wateja.

Pili, mimi nahitaji sana utafiti. Bei ya mabondo inapangwa huko China na Hong Kong, mimi naletewa na dalali kwenye simu. Leo imeshuka, sijui kwa nini. Nikimlipa mtu anichunguzie, nitamlipa vizuri. Lakini majibu nitakaa nayo mimi. Nikitoa milioni kumi, kwa nini jirani yangu wa kizimba cha pili asome bure, kesho anizidi bei? Utafiti wa kuutangaza kwa kila mtu ni wa serikali au wa hao wenye hela zisizoisha. Si uchoyo, ni biashara.

#31 Mtumishi Mstaafu
Mama kasema, na hakutaja woga hata mara moja. Lakini bei ya mabondo siyo ushuru. Mama, ungelipia utafiti wa ushuru?

#32 Mama Mabondo
Ushuru kaka yangu naujua unakokwenda. Sihitaji mtafiti.

#33 Sato wa Kukaanga
😂😂😂 Uzi ufungwe.

#34 Dada Takwimu
Usifungwe. Mama, shikamoo. Ndiyo maana ya kuchangishana: wafanyabiashara hamsini, kila mmoja laki mbili, hakuna anayemzidi mwenzake kwa sababu wote mmelipa na wote mnasoma. Wakulima wa #5 walifanya hivyo hivyo kwenye mizani.

#35 Mama Mabondo
Marahaba mwanangu. Tulishawahi kuwa na umoja wetu na tukachanga. Mweka hazina sasa hivi ana bodaboda nne.

#36 Mhasibu wa Pasiansi
Naomba namba ya mweka hazina, anaonekana ana mapato ya biashara ya kutosha kwa ile asilimia 2.

#37 Sangara Kilo Mbili
Mama Mabondo, mimi niko tayari. Dodoso la Kiswahili, maswali yasiyozidi kumi, nakuja jioni ukishafunga. Nauli ya daladala tu na maji ya kunywa.

#38 Mama Mabondo
Njoo. Ila swali la nina mzigo wa kilo ngapi usiniulize.

#39 Mkazi wa Kirumba
Na la leseni kutozwa kwenye halmashauri mbili kwa mtumbwi mmoja liingie, maana hilo watu wanalia nalo sana.

#40 Mzee wa Pamba
La mizani kwanza.

#41 Mkazi wa Kirumba
Mzee, mizani ya Mwaloni siku hizi ni ya kidijitali.

#42 Mzee wa Pamba
Nimekuambia mizani kwanza.